Mkono wa Mama Mdogo

Mama Mdogo Rosebellah alimpa Japheth mkono.

Kama hukuzaliwa kwetu Bunyore hutaelewa kwa nini moyo wangu ulianguka pale pale kando ya sufuria ya chapati. Utasema, si ni salamu tu? Wapi! Kwetu, kijana anayetaka kuoa binti hasalimiani kwa mkono na mama wa binti, wala na dada ya huyo mama. Hawagusani. Hawali sahani moja. Mkwe akiingia kwa mlango wa mbele, mama mkwe anajikusanya na leso yake anatoka kwa wa nyuma. Hiyo ndiyo heshima yetu. Kwa hivyo ukitaka kumwambia kijana kwamba hatakuwa mkwe wako hata jua litoke magharibi, huna haja ya matusi. Unamnyoshea mkono mbele ya watu.

"Karibu, karibu sana!" Mama Mdogo akasema, akiutikisa mkono wa Japheth kama mtu anayepampu maji kisimani. "Ndiwe injinia? Keti hapa karibu nami, usiogope. Wewe ni mgeni kama wageni wengine."

Japheth ni Mjaluo wa Kisumu, mtoto wa Ziwa Viktoria, na kwao mila ni ile ile. Alielewa. Aliinua macho akanitazama juu ya bega la Mama Mdogo, mara moja tu, kisha akaketi alipoelekezwa. Macho yale! Nilikuwa nimeyangoja miezi na miezi, nikiyaona kwa simu tu, na sasa yako mbele yangu na siwezi hata kuyasogelea.

Fridah alinifinya kiuno. Fridah anaishi na Mama Mdogo hapo mtaa wa Ghulail, na habari yoyote ya Wakenya wa Jeddah hulala kwake kwanza kabla ya kwenda kwingine.

"Umeona?" akaninong'oneza. "Amempa mkono. Halas. Umekwisha, dada."

"Nyamaza, Fridah."

"Mimi nimenyamaza. Lakini umekwisha."

Jumapili Japheth angepanda ndege kwenda nyumbani likizo. Alitaka kupeleka wazee wake kwa baba yangu. Na baba alikuwa amesema kwa simu maneno yake ya mwisho: "Rosebellah ndiye macho yangu huko Uarabuni. Akisema ndiyo, wazee waje. Akisema hapana, wasije kunimalizia majani ya chai." Basi ni Mama Mdogo, na ni Ijumaa ile tu. Mimi mwenyewe nilikuwa Jeddah kwa bahati, kwa sababu madam wangu wa Riyadh alikuwa ameleta familia yote kwa harusi ya mpwa wake na akanipa ruhusa mpaka jioni.

Nyumba ya Mama Mdogo haijawahi kukosa watu siku ya Ijumaa. Ni nyumba ya zamani, unashuka ngazi kutoka barabarani ndipo uingie, na vyumba vyake viko chini ya uso wa mtaa kama pishi. Juu anaishi mama mmoja Mhausa na watoto wake, na ngazi za kwenda kwake zinaanzia nje, upande wa pili wa kichochoro. Mlango wa mbele ni wa mbao nzito, na siku za wageni unabaki wazi kutwa, majirani wasije wakasema wanaume na wanawake wamejifungia. Siku ile tulikuwa watano. Wa tano alikuwa Dominic, dereva kutoka Kitale, ambaye huja kula tu na hafichi.

"Injinia," Dominic alisema, akiwa ameshika chapati mbili, "hebu tuambie ukweli. Ni kweli huko kazini wanakuita Viktoria?"

Japheth akacheka. "Ni kweli. Nilipofika Riyadh nilizidisha stori za ziwa. Mafundi Wabangladeshi na Wamisri hawakuweza kutamka Odera. Wakasema huyu ni Viktoria."

"Mwanamume mzima, Viktoria!"

"Nimezoea. Siku moja nitasikitika wakiacha."

Nilimtazama akicheka. Mikono yake ilikuwa na mikwaruzo ya vyuma, na shingo ilikuwa na mstari mweusi pale jua linapoishia na shati linapoanzia. Kazi yake ni maji ya mvua. Anachimba na kujenga mifereji mikubwa chini ya ardhi, mirefu kuliko mitaa iliyo juu yake. Tulikutana Batha, kule Riyadh, nilipotumwa sokoni pamoja na dereva wa madam. Watu wote wa Batha walikuwa wanachunga mabegi yao, na kijana mmoja mrefu alikuwa amechutama kando ya barabara, sikio kwenye mfuniko wa chuma.

"Kaka, umeangusha nini?" nilimwuliza kwa Kiswahili, maana uso wake uliniambia ni wa kwetu.

"Sijaangusha," akajibu bila kuinuka. "Nasikiliza maji yanakwenda wapi."

Niambie, ni msichana gani angeondoka pale?

Tangu siku ile, mimi nikiwa nyumbani kwa madam, Al-Malqa, nakunja nguo za watoto wa watu, simu yangu hulia na sauti yake hutoka shimoni. "Velma, sikia." Kisha nasikia tone, tone, mwangwi. Mafundi wake wanampenda kwa jambo moja: hamshushi mtu yeyote shimoni kabla hajashuka yeye mwenyewe. Jua liwake, vumbi lije, yeye ndiye wa kwanza kushuka na wa mwisho kutoka. Dominic, ambaye hamsifu mtu bure, aliwahi kuniambia, "Huyo jamaa hata bosi wake Msaudi humpisha mlangoni."

Lakini sifa hizo zote kwa Mama Mdogo ndizo zilikuwa kesi.

"Kwa hivyo ulikuwa Riyadh," alianza, akimsogezea Japheth sahani. Sahani aliyokuwa akilia yeye mwenyewe! "Kula, tule pamoja, mimi na wewe hatuna mipaka. Ulikuwa Riyadh, sasa uko Jeddah. Baadaye wapi?"

"Mradi wa hapa bado unaendelea, Mama."

"Mama yako yuko Kisumu. Nimeuliza, baadaye wapi?"

Japheth alimega chapati polepole. Alikuwa anatolewa jasho na sahani ile. "Wanazungumzia Tabuk."

"Tabuk!" Mama Mdogo akatugeukia wote kama wakili kortini. "Mmesikia? Na baada ya Tabuk kuna kwingine. Mimi niliolewa na mtu wa miradi. Bonface. Alikuwa anaendesha greda, anatengeneza barabara. Barabara ikienda Lodwar, anaifuata. Ikienda Garissa, anaifuata. Kila kambi ananiambia, Rose, hii ndiyo ya mwisho. Mpaka ikapatikana kambi moja akakaa kabisa, na mke mwingine juu." Alijifuta mikono kwa leso. "Sina ubaya na wewe, kijana. Wewe ni mzuri. Lakini mtu wa mradi hana nyumba, ana kambi. Na mimi sipeleki mtoto wa dada yangu kambini."

"Mama Mdogo, tafadhali," nikasema.

"Wewe geuza chapati."

"Mama," Japheth alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini lakini haikutetemeka, "siwezi kukuapia kwamba sitahama. Kazi yangu iko pale maji yanaposumbua watu. Lakini Velma sijamwahidi kambi. Nimemwahidi kwamba pale nitakapokuwa, nitakuwa wa kwanza kuingia, niangalie kama ni salama, ndipo nimwite."

Fridah akashika kifua. "Jamani!"

"Maneno matamu," Mama Mdogo akasema. "Bonface pia alikuwa nayo. Sina mkwe hapa, nina mgeni. Mgeni, kula."

Nilikuwa nimegeukia jiko ili wasione machozi yangu. Nilipogeuka, Japheth alikuwa ameacha kutafuna. Mkono wenye tonge ulikuwa umesimama hewani, na kichwa ameinamisha upande, vilevile nilivyomwona Batha.

"Choo chenu kinaunguruma tangu lini?" akauliza.

"Ati nini?" Mama Mdogo akashangaa. "Unaniuliza mambo ya choo nikila?"

Nje kulikuwa kumekuwa giza bila sisi kutambua, adhuhuri imegeuka kuwa kama magharibi. Kisha mvua ikashuka. Jeddah huwa haina mvua, lakini ikija inakuja kama mdai. Japheth alikuwa amesimama.

"Maji yanarudi kwa mabomba. Fridah, zima swichi kubwa ya umeme, sasa hivi. Velma, toa mtungi wa gesi nje, upandishe juu. Mama, naomba hilo gunia la mchele."

"Basmati yangu?"

"Naomba, Mama."

"Gunia zima la basmati!"

Hakungoja jibu la pili. Alilibeba hilo gunia begani kama mtoto mchanga, akaingia chooni, akaliketisha juu ya tundu la maji. Kuunguruma kukakoma. Dominic alichungulia nje, akapiga kelele, "Gari ya bosi! Nimeiacha bondeni!" na akatoka mbio na chapati mdomoni. Ndivyo tulivyobaki na mwanamume mmoja.

Maji ya barabarani yalianza kuteremka zile ngazi za mlangoni, mara ya kwanza kama utani, utepe mwembamba, kisha ngazi zote zikawa maporomoko. Japheth alitoka mbele yetu, akaushika ukuta, akavuka kichochoro hatua kwa hatua akipapasa chini kwa mguu, akarudi. "Hakuna shimo lililofunguka. Mpite pale pale nilipopita, mkono ukutani. Yalla, twendeni."

Tulipita. Tulipandisha gesi, mablanketi, friji ikaachwa ikielea kama ng'ombe aliyelala. Mama Mhausa wa juu alikuwa amefungua mlango wake, anatupokelea vitu kwa lugha yake na sisi tunaitikia kwa yetu. Niliporudi chini mara ya mwisho na Fridah, maji yalikuwa yamefika mapajani, na Mama Mdogo alikuwa ameketi juu ya meza katikati ya sebule, sufuria ya chapati mapajani, miguu ameikunja.

Magoti ya Mama Mdogo yaliharibikia kwenye ngazi za watu, miaka ya kupiga magoti akizisugua kwa kitambaa. Kwenye sakafu kavu anatembea na fimbo. Kwenye maji yanayosukuma hawezi hata hatua. Na ni mama mwenye mwili, Mungu amzidishie.

"Shika huku, mimi nishike huku," Fridah akaniambia. Tukainua. Tukashindwa. Tukainua tena, Fridah akateleza, akazama mpaka shingoni akaibuka akitema maji, na hata katika hofu ile Mama Mdogo akacheka.

"Mtaniua kabla ya mvua, nyinyi!"

Japheth aliingia, nguo zimemganda mwilini. Aligeuka akampa mgongo, akachutama mbele ya meza. "Mama, panda. Nimebeba mifuko ya saruji mizito kuliko wewe."

"Usiniguse!"

"Mama, maji yanapanda."

"Nimesema usiniguse! Sogea huko!" Alikuwa amejivuta mpaka ukingo wa meza, ameikumbatia sufuria. "Mwite Dominic."

"Dominic yuko bondeni na gari."

"Mwite mtu yeyote! Mwite Mpakistani wa duka!"

Japheth hakugeuka. Mvua ilikuwa inapiga, lakini sote tulimsikia. "Mpakistani akubebe na mimi nisikubebe? Mimi si mgeni tu kama wageni wengine? Leo si tumesalimiana kwa mkono? Si tumekula sahani moja? Mgeni ana kosa gani akikubeba?"

Mama Mdogo alinitazama. Alitazama mgongo wa Japheth, mpana, unaongoja, maji yakiuzunguka kiunoni.

"Nikipanda mgongo wa mkwe wangu," akasema, "watu wa Bunyore nitawaambia nini?"

Fridah aliyapiga maji kofi. "Amesema! Velma, amesema mkwe! Mimi ni shahidi, na mnajua mdomo wangu!"

Sikiliza sasa alichofanya Japheth, kwa maana ni hapo ndipo nilipompenda upya, mapenzi ya kwanza yakawa kama mazoezi tu. Mwanamume mwingine angecheka, angemnyakua mama wa watu, mambo yaishe. Japheth alisimama. Bila kumtazama Mama Mdogo aliondoka pale mezani, akavuka sebule mpaka mlangoni, akageuzia uso wake nje kwenye mvua. Neno lilikuwa limesemwa. Tangu dakika ile alikuwa mkwe, na mkwe hamgusi mama mkwe wake.

"Velma," akaniita akiwa ameangalia barabara, "mwambie mama asiogope. Hatabebwa. Nipe mchi wa kinu na kile kisu kipana. Fridah, chupa zile kubwa za maji ya kunywa, zilizo tupu, zote, na uzibe midomo. Na kamba ya nguo."

Aligonga pini za bawaba kutoka chini kwenda juu, ndani ya maji, kwa kupapasa tu. Ule mlango mzito wa mbao, ule wa kubaki wazi kwa wageni, ukatoka wote mikononi mwake. Tulifunga chupa chini yake, yeye akituonyesha fundo kwenye ncha ya kamba aliyoishika na sisi tukiliiga, kwa sababu hakutaka kusogea karibu na meza. Tulipoulaza mlango majini ulielea, ukatulia. Mama Mdogo aliutazama kama mtu anayeonyeshwa farasi.

"Mimi nipande hapo?"

"Panda, Mama Mdogo. Huu ni mlango wako, unaujua."

"Niliujua ukiwa umesimama!"

Alishuka mezani akajilaza pale polepole, sisi tukiwa tumeshika kingo, sufuria haikuachwa. Maji yalikuwa yamezimeza zile ngazi chache za mlangoni, ndani na kichochoroni pakawa ziwa moja. Japheth alijifunga kamba begani. Alikuwa mbele kabisa, uso ameelekeza mbele, na hakugeuka hata mara moja. Alitembea akipapasa kwa mguu kila alipokanyaga, akivuta taratibu, ili wimbi lisimfikie mama nyuma yake. Nilimwona vile: mabega yake yakikaza dhidi ya mvua, na mama yangu mdogo, aliyeapa hana mkwe, akielea nyuma yake kama malkia kwenye kiti chake, leso kichwani, akitoa amri.

"Mwambie mkwe apunguze mwendo!"

"Anasema upunguze, Japheth!"

"Mwambie mama nimesikia!"

Tulipofika ngazi za Mama Mhausa, tulimsaidia kukanyaga, akapanda kwa makalio, ngazi moja moja. Japheth alingoja kando, uso ukutani, mpaka alipofika juu. Hakupanda. Chumba kile kilikuwa kimoja, na mama mkwe yuko ndani. Aliketi ngazi ya chini kabisa, miguu ndani ya maji, akisuuza matope mikononi.

Juu, Mama Mdogo aliomba simu yangu. Alimpigia baba. Nilisimama karibu naye nikiwa nimeuma ukucha.

"Shemeji, ni Rosebellah. Ndiyo, mvua. Tuko salama. Sikia, hao wazee wa Kisumu waje." Akasikiliza. "Mtu wa miradi, ndiyo, najua nilisema. Bado ni mtu wa miradi. Atahama, na mtoto wetu atalia baadhi ya siku, mimi simdanganyi mtu. Lakini ameingia majini kwanza kabla yetu sote. Na nilipomwita mkwe, Shemeji, aligeuza uso kwa heshima asinitazame. Bonface hakuwahi kugeuza uso mbele ya mama yetu hata siku moja." Akajifuta macho kwa nguvu, kana kwamba ni mvua. "Pika hiyo chai."

Alifunua sufuria. Chapati zilikuwa kavu, za juu na za chini. Alizipanga kwenye sahani ya Mama Mhausa, sahani nyingine kabisa, akanipa. "Mpelekee mkwe. Na umwambie mlango wangu aurudishe yeye mwenyewe kabla ya Jumapili. Sitaki fundi mwingine."

Niliteremka. Mvua ilikuwa imepungua, maji yakienda zake kuelekea baharini, na mlango ulikuwa umefungwa kwenye nguzo kwa fundo lake. Nikaketi ngazi moja juu ya yake. Hatukushikana, kichochoro kizima kilikuwa madirishani. Alinitazama tu, na mimi nikamtazama nikashiba.

"Amesemaje?" akauliza.

"Baba anapika chai."

Alifunika uso kwa mikono yake miwili, na mabega yale yaliyovuta nyumba yetu yakatikisika. Niliweka sahani chini, nikangoja alie amalize.

Jioni, gari la madam lilipokuja kunichukua, Mama Mdogo alitoka kwenye baraza la juu kuniaga. Japheth alikuwa amesimama chini. Kwa furaha, kwa uchovu, kwa kusahau, aliinua mkono wake kuelekea juu kama mtu anayeaga mzazi.

Mama Mdogo aliutazama ule mkono. Kisha, polepole, ili watu wote wa kichochoro waone, aliichukua mikono yake yote miwili akaificha ndani ya leso.